Sura Tatu kwa Siku

Nawasalimu mlioko Nyololo, Kibao, Mtwango, Mafinga na hapa kwetu Igowole wilayani Mufindi, wenye mkaa na wenye kuni, wote mliojikunyata kwa sababu ukungu wa leo haujaondoka tangu asubuhi. Mimi ni mama wa watoto wa rika tofauti: yupo binti wa kidato cha tano, yupo kijana wa kidato cha tatu, na yupo kitindamimba wa darasa la nne, ambaye kwa sasa hana lengo lolote maishani isipokuwa kumiliki baiskeli. Nimeombwa nizungumzie malezi ya vijana katika imani. Naomba nianzie kwenye vitabu, na mtaona huko mbele kwa nini.

Kila Desemba shule zikifungwa, vijana wetu wanakwenda kwenye makongamano ya vyama vyao vya kidini vya wanafunzi. Wa UKWATA wanakwenda kwao, wa TYCS kwao, wa CASFETA kwao. Vijana wa Kiislamu nao wana semina zao. Wanarudi sauti zimekauka kwa kuimba, na kila mmoja ana karatasi ya malengo. Nimeziona karatasi nyingi, maana nafundisha darasa la kipaimara usharikani, na zinafanana. Kusoma Biblia yote kwa mwaka. Kufunga na kuomba siku moja kila wiki. Kutojiingiza kwenye uhusiano hadi masomo yaishe. Kuoa au kuolewa na mtu mwenye hofu ya Mungu, na mbele yake umeandikwa umri kabisa: ishirini na nne, ishirini na sita. Binti yangu aliandika malengo yake nyuma ya daftari la hisabati. Ameniruhusu niyataje matatu. La nne amesema nikilitaja redioni hatanisalimia hadi Pasaka.

Tulichukue hilo la Biblia. Biblia wanayotumia Waprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189. Ukigawanya kwa siku 365 unapata sura tatu na kitu kila siku. Ndugu zetu Wakatoliki, wenye vitabu 73, mzigo wao ni mkubwa zaidi. Basi kijana anaanza tarehe mosi Januari. Mwanzo ni tamu: kuna gharika, kuna Ibrahimu, kuna Yusufu na nduguze. Kutoka inakwenda vizuri mpaka watu wanavuka bahari. Baada ya hapo yanakuja mapazia ya hema, vitanzi vyake na vifungo vyake, na kabla Januari haijaisha kijana amefika Mambo ya Walawi. Hapo pana mafuta ya figo na namna ya kukagua ukoma. Februari ukimuuliza umefika wapi, anatazama pembeni.

Sisi wazazi na walimu wa dini tunaliona hilo kama udhaifu wa kiroho. Mchungaji anamwombea kijana apewe roho ya bidii. Mimi, kwa heshima zote kwa mchungaji wangu ambaye najua ananisikiliza, ningemnunulia taa ya kusomea. Jirani yangu Mwislamu ananiambia hata kwao tatizo hili lipo. Kurani ina juzuu 30, na wengi huihitimisha ndani ya Ramadhani kwa juzuu moja kila siku. Lakini mwanawe, anasema, ulimi umefika mbali na moyo umebaki njiani. Tatizo hili ni la kusoma. Tumemtuma mtoto akasome kitabu kirefu kuliko vyote anavyovijua, na hatukuwahi kumzoesha kusoma hata kifupi.

Angalieni nyumba zetu. Nyingi zina Biblia au Kurani, zina kitabu cha nyimbo, na madaftari ya shule. Basi. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili wanafundishwa kwa mkazo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mimi nasema ni jambo jema, kwa sababu mtoto wangu wa mwisho aliunganisha silabi mapema kuliko wakubwa zake. Lakini baada ya silabi? Kuanzia darasa la tatu anachosoma ni maelezo aliyonakili ubaoni, na anayasoma usiku wa kuamkia mtihani. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Ule umri ambao mtoto angeanza kupenda kusoma kwa raha, kurasa mia, mia mbili, ndio umri tunaomwingiza kwenye lugha ambayo kila mstari wake anausoma kwa kamusi. Wachache wanavuka. Wengi wanahitimisha pale pale kwamba kusoma ni adhabu.

Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo, msidanganyike. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa hapa nchini mwaka 1991, na kazi yake imekuwa kuwasaidia waandishi na wachapishaji watoe hadithi za Kiswahili, kisha kuvifikisha vitabu shuleni. Mwaka huohuo wa 1991 Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Iringa mjini ipo maktaba ya mkoa. Tatizo la kwetu ni nauli, na tatizo kubwa kuliko nauli ni kwamba hakuna mzazi anayekwenda Iringa kwa ajili ya hadithi. Tunakwenda hospitali, tunakwenda kununua vipuri.

Halafu kuna suala la mwanga na la muda. Umeme wa vijijini wa REA umefika kwa wengi wetu, lakini balbu yenye nguvu iko sebuleni, na chini yake ipo televisheni. Mtoto anayetaka kusoma anakwenda jikoni. Na jikoni nani yuko? Binti. Kijana wangu akirudi shuleni anavua sare na kupotea uwanjani hadi giza liingie. Dada yake anachota maji, anatia jungu motoni, anasuuza sare za wenzake. Mpaka anakaa chini ni saa tatu usiku na macho yamejaa moshi. Nyumbani kwangu tulizigawa kazi hizo upya, na vita yake haijaisha. Kijana anapika ugali siku zake. Unatoka na mabonge, tunakula hivyo hivyo.

Katika habari hii ya kusoma, nataka nimtaje mama yangu. Alikuwa mchuma chai kwenye mashamba ya Mufindi, na hakukanyaga shule akiwa mtoto. Mkesha wa mwaka mpya wa 1970 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kuutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa uhuru walio wengi hawakujua kusoma. Hata mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui. Kufika 1986 Serikali ilitangaza kwamba waliobaki hawafiki asilimia 10. Mama alikuwa mmoja wa waliovuka katikati hapo. Aliingia kisomo jioni, baada ya kupima majani, vidole bado vyeusi kwa utomvu. Na redio ilikuwamo: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni 2 katika vikundi nchi nzima, redio imewekwa katikati, vijitabu mkononi. Wanasikiliza, wanasoma, wanabishana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Nawakumbusha wenye vituo vya redio: kitabu na redio viliwahi kufanya kazi pamoja, na kazi ilionekana.

Mama alisoma Biblia kwa kidole mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuwa na lengo la mwaka. Alikuwa anasoma kisa kimoja, anakifunga, anakwenda nacho shambani, na huko anawauliza wenzake. Kisa alichokaa nacho muda mrefu ni cha Lea. Mnakijua: Yakobo anampenda Raheli, anatumika miaka saba, usiku wa harusi baba mkwe anamwingizia dada mtu. Asubuhi kunakucha, ni Lea. Mama alikuwa anauliza: nyie, huyo Lea alikuwa anajisikiaje asubuhi ile, mwanamume anapopiga kelele kwamba ametapeliwa, na kitu alichotapeliwa nacho ni yeye? Wachuma chai walikuwa wakigawanyika. Wengine wanasema Lea alikuwa mshiriki, alijua. Wengine wanasema binti wa zamani angesema nini mbele ya baba yake. Kisha mama anawavuta kwenye watoto. Lea anajifungua wa kwanza, anasema sasa mume wangu atanipenda. Anajifungua wa pili, wa tatu, bado maneno ni ya mume. Mtoto wa nne, Yuda, hamtaji mume tena. Anamsifu Mungu, basi. Mama alikuwa anasema hapo pana ndoa nzima, na pana imani nzima pia, na wahubiri wanapita.

Sasa kwa ratiba ya sura tatu kwa siku, Lea yumo kwenye sura ya 29 ya Mwanzo. Anapitiwa mapema Januari, asubuhi moja, kati ya uji na kengele ya shule. Kijana anaweka alama ya vema. Lengo limetimia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walezi wenzangu wa vijana. Sina ugomvi na malengo. Lakini kusoma kwa kutulia kunamfanyia kijana jambo ambalo kuweka alama hakulifanyi: anamruhusu mtu mwingine aingie kichwani mwake na kusema mpaka amalize, bila kumkatiza. Anakaa na mawazo ya Lea ambaye hafanani naye, wa zama nyingine, ambaye hana cha kumpa. Niambieni, ni kitu gani kingine tunachokihitaji ndani ya ndoa? Mume anayeweza kumsikiliza mkewe mpaka mwisho wa sentensi. Mke anayeweza kukisia mume amenyamaza kwa sababu gani. Na sala nayo, kama ni sala, si inaanzia kwenye kunyamaza? Kijana asiyeweza kukaa na kitabu nusu saa, nina wasiwasi atakaaje na mtu miaka arobaini.

Najua atatokea wa kunijibu kwamba babu zetu hawakusoma na ndoa zao zilidumu. Zilidumu, ndiyo. Nyingine zilidumu kwa sababu mwanamke hakuwa na pa kwenda. Na hao babu walikuwa na hadithi za usiku. Walizoeshwa kusikiliza simulizi ndefu kuliko tamthilia yoyote ya leo. Sisi tumeziacha za kusimulia, na za kusoma hatujazichukua.

Nije kwa kijana wangu wa kidato cha tatu, naye nitamtaja kwa ruhusa. Lengo lake la ndoa ni kupata mke wa Mithali 31. Vijana wa kiume wanaipenda sana sura hiyo. Nilimwambia aisome yote kwa sauti tukiwa tunapukuchua mahindi. Akasoma: mama yule anaamka kabla hakujapambazuka, anasokota, ananunua shamba, anapanda mizabibu kwa pato la mikono yake, anauza nguo, taa yake haizimiki usiku. Nikamuuliza, "Na mume wake anafanya nini, baba?" Akatafuta. "Anakaa malangoni na wazee, mama." Nikamwambia arudi mwanzo kabisa wa sura, pale ambapo hapasomwi harusini. Maneno yale ni mafundisho ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake, na kabla hajafika kwa mke mwema, mama yule anamwonya mwanawe kuhusu wanawake, kisha kuhusu pombe. Kwa mtu wa Igowole, penye ulanzi wa kila mwanzi wa jirani yako, hiyo ni sehemu ya kuanzia. Akacheka. Lakini niliona amesoma upya kitu alichokuwa anakijua kwa kichwa.

Kina mama wa kufundisha watoto wao kwa maandishi hawako kwenye Biblia tu. Tunao wetu. Mwaka 1858, kwenye visiwa vya Lamu huko Kenya, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, tena wa muda mrefu. Mumewe, Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alikuwa amekwishafariki miaka miwili nyuma. Akamwita binti yake aje karibu na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa zaidi ya beti mia, kwa hati za Kiarabu, lugha ni Kiswahili. Miaka michache baadaye akafariki. Utenzi ukabaki, ukanakiliwa na wanawake wa pwani kizazi baada ya kizazi, na hadi leo unasomwa vyuoni. Anaanza na dini, anakuja kwenye adabu na ulimi wa kweli, kisha mume.

Nitasema wazi kwamba yapo ya Mwana Kupona ambayo sitampa binti yangu. Anamtaka mke awe chini ya ridhaa ya mume mpaka kwenye kutoka nyumbani, hata pepo aitafute kwenye radhi zake. Mimi mume wangu namheshimu, na anajua nakwenda sokoni bila barua. Lakini tazameni alichofanya. Mgonjwa, mjane, anajua muda wake ni mfupi. Hakumwachia binti mawaidha ya jumla ya kusikilizwa na umati. Alikaa chini akamwandikia yeye, na akamwachia kitu ambacho binti angeweza kukirudia akiwa na miaka thelathini, na hamsini, na kukikataa kipande akitaka.

Shaaban Robert naye, mtu wa Tanga, alipofiwa na mkewe Amina aliandika tenzi mbili za kuwausia watoto: Utenzi wa Hati kwa binti, na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Kwa mwana wa kiume pia! Hilo nalipigia mstari. Hapa kwetu mawaidha ya ndoa anapewa msichana. Wiki mbili kabla ya harusi tunamkalisha kwenye kicheni pati, amejifunika kanga, shangazi mmoja anashika kipaza sauti, mambo ya chumbani yanatangazwa hadi kwa wapita njia, wengine wanatuza noti. Mvulana je? Anapelekwa na marafiki kunywa. Siku ya ndoa wanakutana mtu aliyefundishwa kwa kelele na mtu asiyefundishwa kabisa.

Na mzazi wa Tanzania hana haki ya kusema ndoa ya mtoto haimhusu, kwa sababu sheria yenyewe inamuuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inaweka umri wa mwanamume kuoa kuwa miaka 18, na wa msichana kuolewa miaka 15. Kifungu cha 17 kinasema msichana asiyefikisha 18 apate ridhaa ya baba yake. Baba akiwa amefariki, ndipo iwe ya mama. Wote wakiwa wamefariki, ya mlezi. Mimi niliyembeba tumboni naulizwa baada ya mazishi. Rebeca Gyumi, mwanasheria, alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, na Julai 2016 mahakama ikamkubalia kwamba vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha sheria ulipita, na mwingine ukapita, na vifungu vikabaki vilivyo.

Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa: kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Unganisheni hayo mawili. Msichana wa miaka 15 aliyeko darasani analindwa na miaka 30 ya jela. Mwenzake wa umri uleule aliyeacha shule, kinachomlinda ni baba yake kusema hapana. Sare imekuwa na nguvu kuliko umri. Ndiyo maana mimi kusoma kwa binti sikuiti anasa. Hapa kwetu tunaijua njia. Binti anashindwa darasa la saba kwa sababu hata swali hakulielewa. Anakaa nyumbani miezi michache. Anakuja mtu mwenye simu kutoka Dar es Salaam kuuliza kama yupo binti wa kazi, maana Iringa tumesifika kwa hilo nchi nzima. Anaondoka na mfuko mmoja. Au haondoki, anaolewa. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, na nashukuru kwa hilo, lakini arudi na nini kama alipoondoka hakuwa msomaji?

Lengo la binti yangu la kutoingia kwenye uhusiano hadi amalize masomo silicheki hata kidogo, na wazazi mnaolicheka mnakosea. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Kwetu Iringa ni asilimia 11.1, na kwa majirani zetu Njombe 12.7. Nani kati yetu hana mtoto wa marehemu ndugu yake anayemlea? Bibi wangapi hapa Mufindi wameanza kulea upya wakiwa na miaka sabini? Sharika na parokia nyingi hazitangazi ndoa mpaka wachumba wamekwenda kupima. Katika nchi hii ya milima, kijana anayeandika kwamba atasubiri hajaandika ndoto. Ameandika kitu ambacho baadhi ya wajomba zake wangekiandika, pengine wangekuwapo.

Lakini nilimuuliza, "Utasubiri kwa nguvu ya nini, mwanangu?" Akasema, "Kwa ahadi, mama." Ahadi aliitoa mbele ya vijana mia tatu, mikono juu, kinanda kinalia. Sibezi. Lakini nimeshuhudia ahadi za namna ile zikivunjika Machi, na kijana aliyevunja hana wa kumwambia, kwa kuwa alijiapiza mbele ya wote. Anaanza kuukwepa ushirika, anaikwepa kwaya, mwisho anamkwepa Mungu kwa aibu ya karatasi. Aliyesoma habari za Daudi mpaka mwisho, pamoja na zile kurasa za Bathsheba na za nyumba iliyovurugika baadaye, anajua mtu wa Mungu anaweza kuanguka vibaya, akalipa gharama, na bado akasali. Asiyesoma anamjua Daudi wa Goliathi tu, na huyo hatamsaidia Jumamosi usiku.

Tulichokubaliana na binti ni hiki. Lengo la Biblia lipo, ila tumeondoa mwaka. Anasoma kisa, anakaa nacho anavyotaka, na Jumapili jioni tunakizungumza tukimenya viazi, yeye, mimi, kaka yake, na yule wa baiskeli ambaye huuliza maswali magumu kuliko wote. Juzi aliuliza Raheli alikuwa wapi usiku ule wa harusi ya dada yake. Hatukupata jibu, na kwenye maandiko halimo. Pembeni ya Biblia kuna kitabu cha hadithi cha Kiswahili, chochote, kisicho cha mtihani. Na kuhusu kuolewa akiwa na miaka ishirini na nne, nilimwambia umri nimeukubali kama makadirio, ila naomba aongeze mstari mmoja: huyo kijana akija, kabla ya mshenga, nitamuuliza kitabu cha mwisho alichosoma ni kipi na alimwonea nani huruma ndani yake. Binti anasema nitamaliza wachumba wote wa Mufindi. Huenda.

Baba yao anasema mimi nafanya mambo kuwa magumu. Tulipooana yeye na mimi hatukuulizana vitabu. Kweli hatukuulizana. Lakini alikuwa ananiandikia barua kutoka Mgololo, alipokuwa kibarua kwenye kiwanda cha karatasi, ndefu, kurasa nne nne, na mimi ninazo hadi leo. Mtoto wa sasa anapokea ujumbe wa maneno matano na picha ya moyo. Kwa maneno matano utamjuaje mtu?

Jumapili hii baada ya ibada kuna kikao cha kamati ya harusi ya kijana wa jirani yetu. Nitachangia elfu hamsini zangu kama tulivyopangiana. Nina hoja pia, na naisema hewani ili wajumbe wasiseme nimewashtukiza: kwenye bajeti, juu ya mapambo na juu ya MC, pawekwe mstari wa vitabu. Kasha moja la kuanzia nyumba mpya, vitabu kumi vya Kiswahili, na viwili kati yake viwe vya watoto, maana watakuja. Mweka hazina wa kamati hiyo ni mume wangu. Ameshaisikia hoja nyumbani, na jibu lake ni kwamba bwana harusi mwenyewe hasomi. Nimemwomba aiandike hivyo hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, kwenye safu ya sababu za kununua.